Jibini Iliyotaka Kuvunja Jiko Langu

Mpendwa mke mwenzangu, Mama Zubeda,

Jibini ni uchafu. Nimeona niseme hilo kwanza, kabla ya salamu yetu ya onga mshi, kabla ya kukuuliza hali ya mama yako na baridi ya huko Mgwashi, maana nakujua, ukiifungua barua hii utaanza kucheka, na mimi sitaki unichekee. Maziwa yakiharibika kwetu tunampa paka. Wazungu wao wakaona wayaharibu kwa makusudi, wayakamue maji, wayafiche gizani mpaka yaote ukungu, halafu wayaite chakula. Ptuu! Na wewe, mtoto wa watu uliyelelewa vizuri, ukanibebea uchafu ule mpaka mlangoni kwangu. Naandika kwa mkono wangu wenyewe, mwandiko wa kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mistari ikipanda mlima nivumilie.

Majiko yetu yalikuwa yanatazamana, la kwako na la kwangu, ua katikati. Mume wetu akilala kwangu anakula kwangu, akilala kwako anakula kwako, na alfajiri kila mtu anapuliza moto wake. Mafiga yangu matatu aliniwekea mama mkwe kwa mikono yake wiki ile niliyoolewa. Ya kwako nilikuwekea mimi, kwa sababu yeye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na niliyaweka nimenuna. Figa moja likakaa upande. Nilipoondoka ukalitengeneza mwenyewe, nami nikakuona kwenye upenyo wa ukuta.

Siku moja mume wetu akarudi kutoka Lushoto kwenye semina ya mabalozi wa nyumba kumi, mdomo umemjaa maneno. Akatusimamisha uani.

"Figa moja haliinjiki chungu," akasema, kidole juu kama yuko mkutanoni, kumbe ni mimi na wewe na kuku. "Ujamaa unaanzia nyumbani. Familia moja, chungu kimoja, jiko moja. Kuni nusu, chumvi nusu."

"Baba Rajabu," nikamwambia, "mafiga yangu mimi ni matatu. Hilo moja umeliona kwa nani?"

"Usinipinge, Mama Rajabu. Jiko moja litavunjwa, miti yake tujengee banda la ndama."

Hakusema jiko la nani. Hakuwa na haja ya kusema. Bibi Maendeleo, yule ofisa wa kufundisha akina mama, alikuwa anataka mwanamke mmoja kutoka kila nyumba ya balozi akajifunze mapishi ya familia kule Kwai, kwenye shamba la maziwa lililoachwa na mzungu. Mimi nilikataa, nikasema kupika nilishafundwa na waliokuwa wanajua. Ukaenda wewe. Basi mwenye ujuzi ndiye wa kubaki na jiko, hilo hata kuku walilielewa. Na kwetu mwanamke asiye na jiko ni mgeni, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ningepewa jembe bila chungu. Ningekaa mlangoni kwako na sahani mkononi, nangoja kupakuliwa, mimi niliyekutangulia katika nyumba ile.

Ukarudi kutoka Kwai na kapu kichwani, ukapiga goti kama kawaida yako. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini kimekufa ndani ya kapu lako?"

"Hakijafa kitu, dada. Ni jibini."

Ukafungua jani la mgomba. Yarabi! Kipande cha manjano, kinatoka jasho kama mgonjwa wa homa, kinanuka kama soksi za askari aliyetoka Mombo kwa miguu. Nikakuuliza maziwa yanawezaje kuwa magumu kama sabuni. Bila haya ukaniambia kwamba wanatia maji ya tumbo la ndama.

"Astaghfirullah! Tumbo la ndama! Nani kamchinja?"

"Mwislamu, dada. Nimeuliza."

"Na pua yako je, uliiuliza?"

"Dada, mtindi si unakunywa?"

"Mtindi ni mtindi!" nikakujibu, na mpaka leo sijaona jibu lingine la kukupa.

Ukaomba upikie jikoni kwangu, ati unifundishe. Nilidhani ni ufedhuli, mtu kuja kujifunzia kwenye kaburi langu. Lakini nikakaa kutazama, maana adui hutazamwa. Ukakaanga vitunguu kwa samli, ukatia karoti, njegere, hoho, na kabichi uliyoikata nyembamba kama tumbaku. Mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha ukamimina maziwa na maji, chumvi, na yalipochemka ukatoa tambi. Tambi! Ambazo ni za Idi, zinazokaangwa zikawa nyekundu, zikatiwa sukari na iliki, watoto wakazila wamevaa nguo mpya! Wewe ukazivunja juu ya goti kama kuni ukazitumbukiza kwenye kabichi. Niliona aibu kwa niaba ya tambi.

"Chungu kimoja tu, dada," ukawa unaniambia huku unakoroga polepole. "Hakuna kumwaga maji, hakuna sufuria ya pili. Tambi zinakunywa maziwa zenyewe. Yakikaribia kuisha ndiyo unatia jibini, unapunguza moto, unakoroga mpaka iyeyuke. Ukiacha kukoroga tu, imekufa."

Ukaikwangua kwa kisu, ikaanguka mle ndani, ikaanza kuvuta nyuzi. Nyuzi, Mama Zubeda! Kamasi za mtoto mwenye mafua hazivuti vile. Nikaegemea ukuta nikifumba macho. Watoto wako wakala, sawa, ni wako. Lakini na wangu wakala. Rajabu, kifungua mimba wangu, alikwangua ukoko kwa kidole akauliza kama kesho utapika tena. Msaliti mkubwa! Nikaweka kijiko kimoja mdomoni ili nipate kuitukana kwa ushahidi, nikaenda nyuma ya nyumba kuitema.

Sikuitema. Ilikuwa tamu. Karoti zimelainika, chumvi imekaa mahali pake, maziwa yameshika kila kitu pamoja. Hapo ndipo nilipochukia kweli, kuliko harufu, kuliko tumbo la ndama. Chakula kibaya ningepigana nacho, lakini kile kilikuwa kitamu na kilikuwa kinakuja kuvunja jiko langu.

Siku ya ugeni mume wetu alivaa kanzu ya Idi. Alikuwa amemwalika mwenyekiti wa kijiji, Bibi Maendeleo, na bwana mmoja mnene kutoka wilayani, waje kuona familia ya mfano inayokula chungu kimoja. Vijana wa kuvunja jiko langu walikuwa wameshaambiwa waje kesho yake. Shoka liliegemezwa ukutani kwangu, limenolewa. Na mimi nimekaa jikoni kwako nakata karoti, kama mtu anayeshona sanda yake.

Ulianza vizuri. Vitunguu, mboga, maziwa, tambi. Ukatia jibini. Kisha ukaweka mwiko chini, ukakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Nikasubiri. Chungu kikaanza kunguruma. "Koroga," nikakwambia. Hukuugusa mwiko. Harufu ya maziwa yanayoungua ikapanda, ile harufu ambayo hata mtu mvivu huikimbilia. Nikachukua mwiko nikoroge mwenyewe, si kwa mapenzi, bali kwa sababu mkono wa mpishi hauvumilii. Ukanishika mkono. Hukunishika kwa nguvu.

"Dada," ukasema, "tulia."

Ukachochea moto. Ukaongeza kuni, mwanamke wewe! Nami nikatulia kama ulivyosema, nikakutazama unavyoua chakula ulichosifiwa nacho na Kwai nzima.

Kilichoingia kwenye sinia siwezi kukiandika bila kutema mate. Chini kimeungua cheusi, juu kimeganda kama ulimbo wa kunasia ndege, tambi zimekuwa tope, kabichi inachungulia kama majani ya choo. Yule bwana wa wilayani alivuta tonge, uzi wa jibini ukamng'ang'ania kwenye sharubu, akaufuta, ukahamia kidoleni, akaufuta kwenye leso, ukabaki na leso. Mwenyekiti akakumbuka ghafla kwamba ana vidonda vya tumbo. Bibi Maendeleo alikutazama kana kwamba umemvua nguo hadharani.

"Hiki ndicho chakula cha chungu kimoja?" bwana yule akauliza.

Ukapiga goti. "Ndiyo, baba. Nisamehe. Somo halikuniingia, mimi kichwa changu kizito."

Wewe! Wewe uliyekuwa unanieleza kila hatua kama maulidi! Mume wetu akakutukana mbele ya wageni, na akutukanaye hakuchagulii tusi. Mjinga, mzembe, umemwaibisha mbele ya Serikali. Ulikaa vile vile, goti chini, kichwa chini. Mwishowe bwana wa wilayani akasafisha koo akasema, "Balozi, ujamaa si kulazimisha. Waache akina mama wapike kama wanavyojua, kila mtu jikoni kwake." Nadhani alichotaka hasa ni kuondoka kabla hajaongezwa.

Shoka likarudi stoo. Wageni wakaenda zao, mume wetu akaenda kulalama msikitini, sinia likabaki pale, na mimi nikalivuta mbele yangu nikala. Nilikula tope lile na masizi yake, tonge kwa tonge, machozi yanatoka na moshi ukisingiziwa.

"Dada, utaumwa," ukaniambia.

"Nyamaza. Kwa nini umefanya hivi?"

Ukaanza kusugua chungu kwa majivu. "Mwanamke bila jiko ni mgeni," ukasema. "Mimi sitaki kukaa na mgeni. Nataka kukaa na wewe."

Niliumwa kweli. Nilikimbilia chooni mpaka kulipokucha, nikilaani Kwai, ndama, na wewe mwenyewe. Asubuhi nikawasha moto wangu, nawe ukawasha wako, tukasalimiana kama kila siku. Kwa mume wetu hukuwahi kuitwa tena mpishi. Mpaka anakufa alikuwa akila kwako anauliza kwanza, "Leo ni nini?" kwa sauti ile ya wasiwasi, na wewe ukimjibu kwa adabu, "Makande tu, Baba Zubeda."

Sasa nije kwenye kinachonichefua kuliko jibini. Ulipomaliza eda, kaka zako wakaja kukuchukua. Nikawauliza wanakupeleka wapi, wakasema mama yenu mgonjwa, halafu yule mkubwa akaongeza, "Na hapa mume hayupo tena. Atakaa na nani?"

Atakaa na nani! Mbele yangu! Mimi ni gogo? Mimi ni kisiki cha mgomba? Nikatazama nione utamjibu nini, nawe ukafunga mzigo wako. Najua mama ni mama, na mgonjwa hauguzwi kwa salamu. Lakini uliondoka bila kusema utarudi, na mimi kwa kiburi changu sikukuuliza. Tangu siku hiyo nikipika nakichukia hata chakula changu.

Na sasa shemeji yetu, mdogo wake marehemu, analitaka jiko lako. Anasema halina mwenyewe, miti ni mizuri, mbuzi wake hawana banda. Wewe unajua nyasi za paa zisipopata moshi zinavyoliwa na wadudu. Kwa hiyo kila asubuhi nikiwasha kwangu navuka ua nawasha na kwako. Shemeji akaona moshi akacheka. "Shemeji, huko ni kufukiza mbu, si kupika. Jiko ni chungu." Akasema Jumatano atakuja kulivunja.

Jumanne nikateremka sokoni Lushoto. Nikanunua tambi, na nikanunua jibini, kwa mkono huu, nimeishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, muuzaji akaniuliza kama ni dawa. Jumatano nikajifunga kanga puani, nikapika kwenye chungu chako. Kwa nini nisipike makande yangu? Kwa sababu makande ni ya kila jiko, na nilitaka harufu ile ifike mpaka kwa jirani, kila mtu ajue hapa ni kwa Mama Zubeda. Karoti, njegere, kabichi, maziwa, tambi. Nikakoroga bila kupumzika, mpaka mkono ukafa ganzi. Shemeji akaja na shoka begani, akasimama mlangoni, akanusa.

"Unampikia nani?"

"Mwenye jiko."

"Si ameondoka?"

"Amekwenda kumuuguza mama yake. Kwani wewe huna mama?"

Akasimama, akatazama moto, akatazama chungu, akaondoka na shoka lake. Amesema atarudi baada ya mavuno. Nimwambie nini akirudi? Siwezi kumpikia mtu asiyekuwepo mwaka mzima, watu wataniita mwendawazimu, na kifua changu hakiwezi tena kupuliza mioto miwili.

Mama akipona, njoo naye. Asipopona, mzike vizuri, kisha njoo. Kaka yako akikuuliza utakaa na nani, safari hii mjibu.

Mimi wako,
mke mwenzio,
Mama Rajabu