Kilio cha Nyumba ya Jirani

Mbamba Bay, Alhamisi

Kile kilio bado kinanikaa masikioni. Tulikuwa tunapiga filamu ufukweni, na nyumba ya jirani wana msiba. Kijana wao mvuvi amezama. Dairekta akaninong'oneza, "Kaka, nenda karekodi hicho kilio. Waigizaji wetu hawajui kulia."

Mimi ndiye mtu wa sauti, nikasimama dirishani kwao na maiki yangu. Mama wa marehemu akatoka, akanikuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Asante kwa kuja. Hata nyinyi wageni mmetukumbuka."

Alidhani nimekuja kuhani. Sikuweza kumwambia. Nikakaa na wanaume pale nje, huku mashine yangu ya sauti inaendelea kurekodi.

Nimeifuta ile rekodi sasa hivi, yote. Kesho asubuhi dairekta ataitaka. Hana subira na mtu, na mimi kazi nyingine sina.