Reli Haijafika Malaba

Jumapili, 9 Novemba 2025
Mombasa, Mji wa Kale

Miaka hamsini na moja tangu niondoke hapa. Nilikuwa kijana wa ishirini na sita, karani wa reli, nimepewa uhamisho wa miaka miwili kwenda Tororo, Uganda. Miwili! Kisha Jumuiya ikavunjika, reli ikagawanywa vipande vitatu, nami nikabaki kwenye kile nilichokuwa nimesimama juu yake. Nikaoa huko. Nikafundisha jiografia mpaka nikastaafu. Mombasa nimekuja mara chache: mwanzo kwa gari la moshi, na treni ya abiria ilipokufa, kwa ndege.

Jana pia kwa ndege. Niuandike huu upuuzi nisije nikausahau. Kutoka kwangu Tororo hadi mpaka wa Kenya ni mwendo wa baiskeli. Lakini uwanja wa ndege uko Entebbe. Basi nikakaa garini siku nzima kuelekea magharibi, nikalala, asubuhi nikapanda ndege ya kwenda mashariki. Nusura tupite juu ya paa langu mwenyewe. Nekesa, mke wangu, alikuwa uani akianika mtama.

Kabla ya kutua, pumzi ikanikatika. Msichana wa ndege akaniwekea kifuniko cha hewa usoni, akanishika mkono mpaka chini. Nasiha, dada yangu, alikuwa akinisubiri na kanga mpya ya kunivisha mabegani. Akanivisha nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakulia. Alinigombeza: ati nimekuja kuwatisha watu!

Jumanne, 11 Novemba

Kwa daktari. Mapafu. Kijana mpole, ana sauti ya chini. Amesema nisipande ndege tena, na alilisema mara mbili ili asinipe nafasi ya kuuliza.

Nikauliza kuhusu basi la usiku. Akatikisa kichwa. Nirudi kwangu vipande vipande, nikipumzika kila mji, na safari hiyo niifanye mara moja tu. Si ya kuja na kurudi kila mwaka.

"Na treni?"

"Treni haina neno, mzee. Unasimama, unatembea, unanyoosha miguu. Iko inayofika kwako?"

Haiko. Reli mpya imekomea huko karibu na Naivasha. Wanasema itakwenda Kisumu, kisha Malaba, mpakani. Malaba ni majirani zangu. Ikifika ningepanda karibu na nyumbani, nikalala usingizi, nikaamka naona minazi.

Nasiha alikuwa nje kwenye benchi. Nilimpa nusu ya habari: hakuna ndege tena. Nusu ya pili, kwamba hii ndiyo Mombasa yangu ya mwisho, nilibaki nayo. Akafikiri kidogo.

"Basi utakuwa ukija kwa reli."

Nikasema, "Mm."

Mm! Miaka thelathini nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia wajibu kwa sentensi kamili.

Jumatano, 12 Novemba

Muhdhar, mtoto wa Nasiha, ana ofisi ndogo nyuma ya Biashara Street. Anauza tiketi za ndege. Kwake dunia nzima iko umbali wa dakika arobaini na tano. Alikuja wakati wa chamcha, amekasirika kama vile daktari amemtukana yeye.

"Mjomba, kuna abiria wanasafiri na mtungi wa hewa. Nakuombea kibali, nakuwekea kiti cha mbele—"

"Hewa ya kukodi?" Nasiha kutoka jikoni. "Akiimaliza huko juu, utampelekea nyingine kwa ngazi?"

"Mama, treni ni mambo ya kale."

"Na mimi je?"

Muhdhar akaendelea kula. Nampenda sana huyu kijana. Ana masikio ya babu yake, na ubishi pia.

Kwa nini nisibaki hapa? Nimejiuliza, niandike na jibu. Nekesa. Magoti yake hayawezi ngazi za nyumba hii, wala hajui mtu hapa. Miaka arobaini na saba hajawahi kuniuliza mimi ni wa wapi. Ananipakulia tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya sala, pilau. Nasiha anaita kutoka chini: "Ndoo ule, kaka!" Tororo hakuna mtu wa kuniambia ndoo. Wote huniambia njoo, kama kitabuni. Nilikaa kidogo juu ili aite tena.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku kubwa. Watu wanaopanga reli wamekuja kuchukua maoni ya wananchi, kwenye ukumbi mmoja hapa Makadara. Nasiha alivaa buibui la arusi. Muhdhar akatufuata, kwa shingo upande, ati kupeleleza maadui.

Ramani kubwa ukutani. Mstari mwekundu: treni ya mjini, kutoka kisiwani hadi stesheni kuu ya Miritini. Mstari wa buluu, wa vitone: Naivasha, Kisumu, Malaba. Niliangalia vile vitone kama mtoto anavyoangalia kaimati tamu.

Msemaji ni Injinia Trizah. Binti wa bara, hajafika arobaini, viatu vina vumbi, dalili nzuri kwa mtu wa reli. Bwana mmoja wa Buxton akalalamika kwamba kutoka kwake hadi Miritini anatumia muda mrefu kuliko ndege kufika Nairobi. Muhdhar akapiga makofi. Peke yake.

Kisha Nasiha akasimama.

"Binti yangu, umetuonyesha abiria wanaingilia wapi, mizigo wapi, magari wapi. Wanaosindikiza wako wapi?"

Injinia akaangalia ramani yake. Akasema, kwa heshima, kwamba wanaosindikiza huagana na abiria langoni. Mambo ya usalama.

"Langoni? Ndugu yangu wa tumbo moja nimuache langoni, kama nimemletea maziwa?"

Ukumbi ukacheka, lakini yeye hakuwa akicheka. Akaeleza. Zamani, stesheni ile ya hapa kisiwani, mtu mmoja akisafiri mtaa mzima unaingia naye behewani. Wanakaa kwenye viti vya watu. Wanakula. Wanamuusia. Wengine ndiyo kwanza wanakumbuka kusalimiana. Mpaka filimbi, na gadi wa treni anapita anawatoa mmoja mmoja, na wa mwisho hutoka kwa kuruka dirishani. Hivyo ndivyo watu wanavyoagana. Ndege imetunyima hilo, akasema, na hiyo reli yenu mpya imeiga ndege.

Wazee wakaitikia, "Naam! Naam!" Muhdhar akaangalia viatu.

Injinia Trizah akasema kwao Vihiga pia wanasindikiza, mpaka barabarani, na hakuna anayerudi nyumbani basi halijaja.

"Umeona! Sasa tia kwenye ramani."

Akaandika. Nilikuwa mstari wa mbele, nilimwona akiandika.

Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikauliza: abiria wa Malaba, lini?

Injinia akashusha kalamu. "Mzee, nisikudanganye. Mizigo kwanza. Abiria, pesa zikipatikana, na wenye mashamba wakilipwa fidia... miaka saba, minane. Labda kumi."

Nasiha akanipiga kiwiko. "Kumi si mingi!"

Mlangoni Injinia alinifuata kuuliza naishi wapi. Nikamwambia Tororo. Akafurahi: shangazi yake ameolewa Malaba. Kisha akaacha kufurahi, akaniangalia mvi, akasema angependa angekuwa na jibu jingine. Nikamwambia jibu lake lilikuwa zuri, kwa sababu lilikuwa kweli. Ni rahisi kumsifu mwingine kwa hilo.

Jumapili, 16 Novemba

Nina sabini na saba. Hesabu si ngumu.

Nasiha ameifanya yake tofauti: mama alifika tisini na mbili, basi mimi nina nafasi ya kutosha na chenji. Amekwisha kumwambia muuza kahawa kwamba kakake atakuwa akija kila Idi, kwa reli ya Malaba. Muuza kahawa akanipongeza! Nikapokea pongezi pamoja na kikombe.

Ameanza pia kupanga. Kitanda changu kihamie chumba cha chini, nisihangaike na ngazi nitakapokuja. Fundi aje apime dirisha. Kila jambo analolipanga ni jambo moja zaidi la mimi kuja kulibomoa.

Nekesa alipiga simu. Anauliza kifua, anauliza chakula, kisha: "Umemwambia?"

"Bado."

"Usije na neno hilo nyumbani kwangu. Liache huko linakohusika."

Jumanne, 18 Novemba

Muhdhar ametafuta tiketi yangu kwa simu yake, amegeukia ukutani. "Muuza ndege natafuta gari la moshi! Wenzangu wasinione, mjomba, nitahama mji." Alhamisi asubuhi, hadi Nairobi, treni ile inayosimama stesheni za njiani. Ijumaa ile treni ya zamani ya Kisumu. Kutoka Kisumu mwanangu atanichukua kwa gari, taratibu. Daktari ameridhika.

Nilijaribu leo. Wallahi nilijaribu. Nasiha alikuwa akichambua mchele. Nikaanza, "Nasiha, hiyo reli ya Malaba—" Akanikatiza: amefikiri, nikija nije na Nekesa, reli haina ngazi nyingi kama ndege, magoti yake yataweza. Amekwisha kumchagulia na leso ya kujifunga. Akainuka kwenda kunionyesha. Zambarau, ua kubwa katikati. Nzuri kweli.

Nikasema Nekesa ataipenda. Hilo ni kweli.

Alhamisi, 20 Novemba
Ndani ya treni

Naandika gari likienda, mwandiko unaruka.

Tulikuja Miritini na tuktuk tatu. Mtaa! Muhdhar, majirani, hata muuza kahawa na birika lake. Langoni askari wakawazuia wote, kwa adabu. Wakasimama nyuma ya vyuma wakipiga kelele za wasia: nifunike kifua, nisikae karibu na mlango. Muhdhar alinishika mkono kupitia vyuma. "Mjomba, safari njema na hicho kitu chako cha kale." Macho mekundu.

Nikageuka kumuaga Nasiha. Nasiha yuko upande wangu wa vyuma. Amenyoosha simu, anamwonyesha askari.

"Mimi abiria," anasema. "Voi."

Alimtuma Muhdhar amkatie tiketi, wakanificha wote wawili. Atanisindikiza hadi Voi, kisha atarudi na treni inayotoka Nairobi. "Nilikwambia mimi si mleta maziwa."

Mbele zaidi, mizigo inapangwa chini ili mbwa ainuse. Nasiha amekataa kuweka kapu. Sanduku sawa, begi sawa, lakini katlesi za kakake hazinuswi na mbwa! Foleni imesimama. Askari mmoja wa kike, mtu wa bara, akacheka mpaka akajifuta macho, akamwambia, "Mama, shika kapu lako mkononi, mimi mwenyewe nitalikagua." Akalikagua. Akapewa katlesi. Akaila.

Sasa tumekaa. Nasiha dirishani. Hajawahi kupanda hii reli mpya, na anaikosoa yote: madirisha hayafunguki, wasafiri hawasalimiani, mwendo ni wa haraka mno kwa watu wenye mazungumzo. Lakini mkono umekaa juu ya kioo kama anayempapasa ng'ombe. Tumepita Mariakani. Amenilisha katlesi mbili, mkate wa mofa, na chai ya tangawizi. Ananieleza habari za mtaa ambazo siku zote kumi na mbili hakuwa na nafasi ya kunieleza. Sasa naelewa alichokuwa akiwaambia pale ukumbini.

Anasema dirisha la chumba cha chini litapakwa rangi ya kijani. Au nataka buluu? Nichague mimi, ndimi nitakayelala hapo.

Nikaangalia nje. Akanikazia macho, mkate mkononi.

"Kaka. Daktari alikwambia nini hasa?"

Nikamwambia anawe kwanza mikono, ina mafuta. Mtu wa sabini na saba! Amekwenda. Hakubisha, na Nasiha asipobisha ni kwamba amekwisha kujua upande mmoja wa jambo.

Nje ni vichaka tu na udongo mwekundu. Sauti ya kwenye kipaza imesema Miasenyi, kisha Voi. Namwona anarudi kati ya viti, anashika kiti kimoja hadi kingine, treni inamyumbisha, anawaomba radhi watu asiowajua. Nimeyapanga maneno, ni machache. Reli haitaniwahi. Sitarudi tena Mombasa.