Mtu Niliyemwandika Kuwa Amekufa

Jumanne, Kindu. Mvua tangu asubuhi. Ndani yangu sisikii kitu, kama mguu uliokufa ganzi.

Leo Mama Zuhura amekuja nyumbani kwangu.

Nilimjua Kibombo kabla ya vita. Nilikuwa mwanafunzi wa anthropolojia, nikitafiti watu ambao si rahisi kuwaweka upande wa wanaume au wa wanawake. Alizaliwa mvulana, akaitwa Ramazani. Alipokua akafunga kikwembe kiunoni kama wanawake, akalima mpunga na wanawake, nao wakamwita Mama Zuhura. Nilikaa kwake miezi mitatu, akanieleza maisha yake bila kuficha.

Vita vikaja, nikakimbilia Kindu. Mtu aliyetoka kule akaniambia Mama Zuhura ameuawa.

Sikumuuliza kama aliona kwa macho yake.

Nakiri: nililia, kisha nikaandika. Kifo chake kikawa sura ya mwisho ya tasnifu yangu, na sura hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya kufundisha. Nimeisoma mbele ya watu Kisangani na Kinshasa, wakafuta machozi. Vita vikaisha, treni ya Kibombo ikarudi. Sikupanda.

Leo ameketi sebuleni kwangu, kikwembe kimelowa, nywele zimekuwa nyeupe. Binti wa mdogo wake anasoma chuoni kwetu, ndiye aliyemsomea sura hiyo.

"Uliandika kama nilikufa," akasema. "Nani alikuambia?"

Nikamtaja.

"Yule? Hakukuwa hata kule. Wanawake walinificha shambani. Askari walipouliza, wakasema huyu njo dada yetu. Wawili walipigwa sana juu ya kunificha. Hao hukuwaandika."

"Nisamehe, mama."

"Mimi niko muzima. Treni iko. Ulishindwa kuja?"

Hakupaza sauti. Alikunywa chai, akanitajia majina ya wale wawili, akangoja mpaka nilipochukua kalamu. Mmoja alifariki mwaka jana. Ningekwenda mapema, angenieleza mwenyewe.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Alinishika mkono. Nilitazama vidole vyake juu ya vyangu na sikuhisi chochote.

Nilipaswa kufurahi. Yuko hai.

Kesho asubuhi nina somo, na sura tutakayosoma ni ile ile ya kifo chake. Nitasimama mbele ya wanafunzi, binti yule akiwa miongoni mwao, niseme kwamba niliyoyaandika si kweli na kwamba sikwenda kuuliza.

Sijui kama sauti itatoka.