Manyoya ya Kwale

Migori, 11 Januari 1965

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Kifua kimepona, nakula vizuri, ila sijui wewe na Shangazi Priscilla mnaendeleaje huko Magunga.

Baba, Memsahib mwenye karakana yetu ametupatia mdudu mpya wa bandia wa kufunga kwenye ndoano za kuvulia. Anamwita kadisi. Anasema huko kwao baridi ikianza kuisha, huyu ndiye wa kwanza kutoka mtoni, na samaki humgombania. Mabawa yake hulala mgongoni kama paa la nyumba. Mwili naufunga kwa sufu ya sungura na uzi wa hariri, hapo sina shida. Shida ni mabawa. Manyoya ya kuku yanang'aa mno, Memsahib anayakata na wembe anatupa. Anataka ya kahawia yenye madoa, nami nikawakumbuka kwale uliokuwa ukitutegea. Wasichana tuko sita hapa tunajaribiwa, na watakaopewa kazi ni wawili. Nisaidie, nisirudi nyumbani mikono mitupu.

Ni mimi binti yako, Dolphine.

Magunga, 25 Januari 1965

Nyathina, mwanangu Dolphine,

Tuko wazima, Mungu anatuweka. Barua yako imenichekesha mpaka shangazi yako akatoka jikoni kuniangalia. Yaani mzungu anamnyima samaki mnyoo, anampa manyoya, na samaki anakubali. Basi samaki wa huko hawajasoma.

Manyoya ndiyo hayo kwenye mkebe. Kwale wa hapa karibu wamekwisha, kwa hiyo nilishuka kidogo bonde la Lambwe. Huko ni wengi, wananenepa tu. Funga vizuri, usiniaibishe.

Mimi Baba yako.

Migori, 6 Februari 1965

Baba yangu,

Hamjambo wote? Mimi sijambo, na leo nina furaha. Nilifunga mmoja kwa manyoya yako, Memsahib akamtupa kwenye karai la maji. Akaelea, mabawa yamekaa sawa. Memsahib alimchukua akamweka kwenye kisanduku chake mwenyewe. Nakutumia mwingine umwone, ila angalia ndoano isikuchome.

Sasa anataka mengi, hasa yale ya mgongoni. Lakini Baba, Lambwe si kuna mbung'o? Kama bado wako, acha kabisa, nitatafuta njia nyingine.

Binti yako, Dolphine.

Magunga, 27 Februari 1965

Nyathina,

Hatujambo sana, ila mimi nilishikwa na homa. Ni malaria tu, kichwa bado kinagonga. Mbung'o walikwisha, serikali ilifyeka kichaka chote. Wewe funga wadudu wako, mambo ya bonde niachie mimi. Manyoya ni haya, na mengine yanakuja.

Sikiliza kituko. Jumapili nilisimama kusoma somo kanisani, nikalala nikiwa nimesimama. Wanakwaya wakacheka. Tangu mama yako Leonida azikwe sijawahi kulala mchana, sasa nalala kama mtoto mchanga, halafu usiku macho makavu. Uzee haupigi hodi.

Mimi Baba yako.

Migori, 8 Machi 1965

Baba,

Pole kwa homa. Barua yako niliwasomea wenzangu tukacheka hadi machozi. Ukisinzia tena, Shangazi akumwagie maji. Tafadhali nitumie mkebe mmoja tu wa mwisho, mzigo unakwenda kwa meli mwisho wa mwezi.

Binti yako, Dolphine.

Migori, 24 Machi 1965

Baba yangu mpendwa,

Leo siulizi habari kwa mazoea, nauliza kweli. Mkebe nimepata, lakini hukuweka barua. Halafu Abdinasir wa duka la nguo amekuja na lori kutoka huko, akaniambia alikukuta umelala kwenye baraza lake asubuhi, chai ya moto imekumwagikia mguuni nawe huna habari. Anasema usiku unatembea ovyo na umemtukana Shangazi. Anasema ni malale, na ugonjwa huo ni wa mbung'o.

Nilikucheka, Baba. Nimelia tangu jana. Kazi nimepata, sitaki tena unyoya hata mmoja. Nenda hospitali Homa Bay, Abdinasir atakubeba bure. Memsahib ameniruhusu kuja Pasaka. Nakuomba nikukute.

Binti yako, Dolphine.

Homa Bay, hospitalini, 9 Aprili 1965

Mke wangu Leonida,

Habari za siku nyingi? Anayeandika ni dresa Bichage, mfunga vidonda wa hapa, mkono wangu unakataa kalamu. Anabisha kwamba barua hii ikienda Migori atakayeisoma ni Dolphine. Ni kijana, hajui wewe ndiye unakaa Migori siku hizi.

Hapa wananichoma sindano ya mgongo, naumia sana. Lakini mtoto wetu amepata kazi, Leonida. Anafunga wadudu. Alinitumia mmoja, nusura nimpige kofi.

Sasa hili ni letu sisi wawili. Bwana afya alinikataza kushuka Lambwe. Mbung'o ni wengi kule, wananiuma shingoni nikitega. Mtoto aliniuliza, nikamwandikia kwamba walikwisha. Angejua angeacha, na vidole vyake vimeumbiwa kazi ile. Usimwambie. Sema ni malaria. Mimi nikimdanganya yeye hunigundua, lakini wewe anakuamini.

Njoo na uji, wa hapa hauna ndimu.

Mimi mume wako, Baba Dolphine.