Folda Iliyoitwa Ejo

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua fremu saa mbili. Nimefagia. Nimepanga simu za watu kwenye chaji, kumi na moja, nyingine zimefungwa raba kama mguu uliovunjika. Kisha nikawasha kompyuta ya Desi. Imekoroma, imelia mlio mmoja mrefu, ikazima. Kama jana. Kama juzi.

Desi ni kaka yangu. Mwaka juzi alikwenda machimboni, akaniachia fremu hii ya stesheneri na kompyuta. Siku anapanda gari alinipungia mkono akasema, "Ejo!" Kwa lugha ya kwetu, yaani kesho. Kesho yake nikachemsha maji ya kuoga ya watu wawili. Mjinga mimi. Simu yake haipatikani mpaka leo.

Sina presha. Akirudi ataikuta inawaka, ndipo atajua mdogo wake ni nani. Kidato cha pili niliacha. Ningemaliza shule ningekuwa hatari kwa taifa.

Watu wanaacha simu, wanaondoka. Hakuna aliyekaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimelifungua kasha lote la kompyuta. Vumbi jekundu la Kibondo limejaa kama unga wa muhogo. Nimelipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kwenye feni kulikuwa na mayai mawili ya mjusi, makavu. Nimeyaweka dirishani. Sijui kwa nini.

Vijiti vya ramu nimevisugua kwa ufutio wa penseli, pale penye rangi ya dhahabu. Nikavirudisha. IMEWAKA. Nilipiga kelele mpaka mama wa mgahawa wa jirani akachungulia. Akaona ni mimi, akarudi kwenye maandazi yake.

Kitu kimoja. Betri ya saa imekufa, kwa hiyo kila nikiiwasha inajua leo ni tarehe 1 Januari 2009. Mwaka huo nina miaka minne, niko Mtabila, kambi ya wakimbizi, mama bado mzima. Nimekaa naitazama ile tarehe muda mrefu. Sura yake siijui. Picha yake ya karatasi ililiwa na mchwa nikiwa mdogo.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja Madam Neema, mwalimu wa kutoka Moshi, anayetembea kama barabara ni yake. Anataka mtu wa kuchapa mitihani ya shule.

"Hiyo mashine yako inaweza?"

"Madam, hii ni ndege."

Nikaiwasha ndege. Amesahihisha daftari za darasa zima bado inafunguka. Akafunga kalamu yake. "Mdogo wangu, ndege yako bado iko uwanjani. Nakupa mpaka tarehe kumi na saba." Amecheka, lakini vizuri. Ameniambia Kasulu yupo fundi anayeweka diski mpya zisizozunguka, kompyuta ya babu inakuwa kijana.

Alikaa karibu saa nzima. Mtu wa kwanza kukaa hapa tangu Krismasi.

Jumamosi, 8 Machi

Kasulu. Sipiyu nimeibeba kwenye kiroba. Konda kauliza, "Humo kuna kuku?" Nikamwambia kuna ubongo, akitaka nimkatie kidogo. Gari zima limecheka. Nilipokea kicheko kile kama ni changu peke yangu.

Fundi anaitwa Mzee Saidi, mtu wa Tabora, miwani imefungwa uzi. Kaweka diski mpya, ramu nyingine, betri ya saa kama kifungo cha shati. Kaweka mfumo wa bure, ule wenye ndege pengwini. Kauliza majina ya watumiaji. Nikasema mawili: Desi na mimi.

Diski ya zamani kasema tuifute, ibaki humohumo kama stoo. "Kuna cha kubakiza?" Wateja walikuwa wengi, wananitazama mimi, injinia wa Kibondo.

"Futa zote."

"Na hii folda, EJO? Ejo ndio nini?"

"Kwetu ni jana, mzee. Mambo ya jana hayo. Piga chini."

Sikumwambia kwamba ni kesho pia. Kwetu jana na kesho ni neno moja, mtu wa Tabora angechanganyikiwa bure. Folda yenyewe sikuifungua. Nilikuwa naringa.

Jumapili, 9 Machi

Inawaka kabla sijamaliza kukohoa! Saa inasema leo ni leo. Asubuhi yote nimejaza diski ya stoo muvi za kutafsiriwa. Nimetazama moja. Nimecheka peke yangu, nikaizima.

Nikampigia mama mkubwa Skola, dada wa marehemu mama, yuko Kumsenga. Nilitaka mtu wa kumringia. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kamshukuru Mungu kwa lugha ya kwetu, "Imana ishukuriwe. Basi, mwana wanje, nitolee picha ya mama yako. Desi aliinakili kwenye mashine kabla mchwa hawajaimaliza. Aliiweka humo kwenye ejo. Alisema ni ya kesho, siku ukiwa mtu mzima."

Nikasema sawa mama, nitakuletea.

Nikakata simu. Nikatoka nje. Nikarudi ndani.

Mdomoni unajua ejo ipi kwa maneno yanayofuata. Kwenye folda hakuna maneno yanayofuata. Kuna EJO tu. Nami nikachagua.

Jumatatu, 10 Machi

Sijafungua fremu. Watu wamegonga, wanataka simu zao. Nimewapitishia dirishani. Mmoja kauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Ningemuuliza Desi. Haipatikani.

Jumanne, 11 Machi

Kasulu tena. Konda yuleyule: "Ubongo umegoma?" Nikakumbatia kiroba. Kaona aibu, kanipa siti ya dirishani.

Mzee Saidi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kasema kilichofutwa kinakuwa bado kipo, mpaka kitu kingine kikae juu yake. "Umeweka kitu juu yake?"

Nikasema muvi.

"Ngapi?"

"Nyingi, mzee."

Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Akaweka programu ya kutafuta. Imetafuta kutoka saa nne mpaka saa kumi. Nimekaa kwenye kreti ya soda, sijala. Yeye kala wali, kanisogezea sahani, nikashindwa. Vimetoka vipande vya barua za watu, vyeti vya ubatizo alivyochapa Desi, picha za pasipoti za watu wa Kibondo. Wengine nawafahamu, wamezeeka.

Saa kumi kasoro ikatoka moja. Mwanamke, kitambaa cha kichwa cha madoa, paji la uso, macho mawili yanatazama pembeni kama kuna mtu kamwita. Halafu chini ya pua, kijivu. Kijivu kitupu mpaka mwisho.

"Hapa chini ndipo muvi zilipokaa," kasema Mzee Saidi, taratibu.

Sikuuliza kama ni yeye. Pua ni yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeichapa kubwa, nikaenda nayo Kumsenga kwa baiskeli, ndani ya bahasha, ndani ya shati. Njia yote napanga uongo. Kwamba diski ilikuwa mbovu. Kwamba umeme ulikatika. Mimi kwa uongo sina mpinzani, muulize yeyote.

Mama mkubwa alikuwa anamenya muhogo. Nikasalimia mwakeye, nikakaa chini, nikampa. Nikafungua mdomo nianze uongo, ukatoka ukweli. Wote. Tabora, wateja, jana, muvi, kila kitu, sijui nilivuta pumzi saa ngapi.

Kaishika picha mbali, halafu karibu. Kapitisha kidole gumba kwenye kitambaa cha madoa.

"Mdomo haupo," nikasema.

"Haupo wapi? Si huo hapo unaongea tangu umeingia? Mama yako naye alikuwa hivyohivyo. Foleni nzima ya mgao kule kambini walikuwa wanamwomba anyamaze."

Kacheka mpaka kisu kikamwanguka. Mimi nimelia kama mtoto. Hilo naliandika hapa, nje sitalisema hata nikamatwe.

Baadaye nikamuuliza kuhusu Desi. Siku anaondoka alipita kwake kuaga. Alisema nini? Kasema, ejo. Nikamuuliza ejo ipi. Kaendelea kumenya muhogo. Kasema, "Hakuongeza neno."

Jumatatu, 17 Machi

Mitihani nimemaliza jana, kurasa thelathini na nane. Madam Neema kachukua asubuhi. Kakuta makosa mawili, kasema ndege imepaa. Nikasema asante Madam, nikaishia hapo. Kaniangalia kidogo. Kasema kesho ataleta ya kidato cha nne na atakaa aisome hapahapa.

Muvi nimezifuta. Diski ya stoo ina folda moja, ndani kuna picha moja. Jina nimeacha lilelile.

Mayai ya mjusi bado yapo dirishani. Mvua imenyesha saa nane, imeacha.

Ile mashine ukiiwasha sasa haikoromi. Inauliza tu wewe ni nani, inaonyesha majina mawili. Mzee Saidi alinifundisha jinsi ya kuondoa moja ili iwe inaingia moja kwa moja, bila kuuliza. Sijaondoa. Kila asubuhi inauliza. Nabonyeza langu.