Chupa ya Anti-A Iliganda

Siku ya tano ya hii joto, hapa mu muji ya Baraka. Jua kali tangu asubui, upepo ya ziwa hakuna. Nimechoka mpaka mu mifupa.

Mi nafagiaka labo ya hopitali na kuangalia frigo. Jana joto ilizidi, nikageuza bouton ya frigo mpaka ku mwisho, juu kwetu samaki ikipata baridi mingi njo inabaki muzuri. Leo asubui chupa ya anti-A, ile dawa ya bleu ya kupima grupu ya damu, nikaikuta barafu.

Niliifungia mu mukono mpaka ikayeyuka. Nikairudisha. Nikanyamaza.

Na ile chupa ninaijua. Papa Asukulu, mupimaji wetu, alinielezaka: banachoma panya sindano ya damu ya A, mwili yake inatengeneza anticorps, vitu bya kukamata ile damu. Kisha banatoa selile za panya, banaziunganisha na selile za kansa zenye hazichokake kuzaa. Banachagua moja moja, banatafuta yenye inakamata A tu. Ile moja njo banalea, inazaa zingine sawa nayo.

"Ni kama muti ya muhogo," alisema. "Unakata ku shina moja muzuri, shamba nzima inatoka sawasawa."

Saa ine bakaleta mama mumoja wa Lubondja. Alizaa, damu inamwishia. Karte yake ya mimba inasema yee ni O, anapokea O tu. Bwana yake akanyoosha mukono: "Mutoe yangu yote, docteur!"

Papa Asukulu akatia tone ya bleu ku damu ya bwana. Kama ni A, inashikanaka vipande-vipande. Haikushikana, na ile ya kupima B pia hapana. Akakamata bic aandike O.

Mi nasemaka kidogo sana. Nikaleta tu kidole.

"Papa, pima yangu kwanza."

"We naye unaumwa?"

"Hapana. Mi ni A. Unajua."

"Eh! Leo umepata kinywa?" Akanichoma. Damu yangu pia ikabaki kama maji.

Akaniangalia. Nikamwambia yote.

Hakunitukana. "Samaki ni ya kula, kijana. Hii dawa barafu inaiua." Akatuma mutu wa pikipiki akamate ingine ku kituo ya jirani. Chupa mupya ikaonyesha bwana ni A. Damu yake ingemuua bibi yake. Kaka ya mama njo alikuwa O, akatoa. Mama iko anapumua.

Bamama benye banazalishaka ku maternité banasema nilifanya vizuri. Mi sisikii furaha, nasikia usingizi tu.

Kama damu yangu ingekuwa O, kidole haingeonyesha kitu. Ningesema, ao ningeendelea kufagia?