Robo ya Juu ya Tangi

Jumatano, usiku

Povu. Viatu nimevisuuza weee, bado vinateleza.

Kanuni yenyewe wala haihitaji digrii: tangi la kuchanganyia sabuni ya maji usilijaze zaidi ya robo tatu. Robo ya juu ni ya povu. Nilimwambia Mzee Suleiman wiki iliyopita, nilipomfungia tangi lake nyuma ya duka, hapa Kariakoo. Akaitikia tu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya redioni.

Leo asubuhi kalijaza mpaka mdomoni, kawasha mota.

Nilipofika povu lilishavuka kizingiti, linaelekea barabarani. Jirani muuza mashuka anatukana huku anaokoa marobota yake. Mzee kasimama katikati, kanzu kaikunja mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, tangi lako dogo."

Dogo! Nikamkumbusha ile robo.

"Mimi nimekulia dukani," akasema. "Baba alinifundisha kipimo kisichojaa ni wizi. Tangi lenyewe jeupe, sabuni inaonekana kwa nje ilipoishia. Wateja wanifikirieje?"

Nikachukua fagio.

Kinachoninyima usingizi ni mtaa. Hili ndilo tangi langu la kwanza, na hakuna atakayesema mzee alizidisha. Watasema yule dada anatengeneza matangi yanayotapika. Halafu nani ataniita tena?

Kumbishia mzee sitaki tena. Kesho naenda na rangi nyekundu. Nachora mstari kwa nje, kwenye robo tatu, na juu yake naandika kwa herufi kubwa: LIMEJAA.